Shaba Iliyolala kwa Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa kushuku. Sisemi hivi kwa kujisifu wala kwa kutubu. Ndivyo nilivyo, na kazi ya ufundi redio imeninoa zaidi. Mtu akiniletea redio na kuniambia imezima tu yenyewe, najua imeangushwa. Akiapa kwamba haijawahi kufunguliwa, nakimbilia kwanza kutazama vichwa vya skrubu, na mara nyingi nakuta bisibisi ya mwenzangu imeshapita hapo.

Fremu yangu ya kazi ipo Mkomaindo, hapa Masasi mjini, na kwa miaka mingi adui yangu mkubwa alikuwa betri. Watu waliniletea redio za gari, amplifaya kubwa za muziki wa harusini, pampu ndogo, mota za kila aina, vyote vya kutumia umeme wa betri. Navyo huwezi kuvijaribu bila betri, na betri ni muongo. Leo inakuonyesha volti kumi na mbili, ukiipa mzigo inalala. Safari moja nilishinda na amplifaya ya mtu siku mbili nzima, nikaivua kila kitu, kumbe mgonjwa ni betri. Nilipogundua nilitaka kulia kwa hasira.

Ndipo nikaamua kujitengenezea pawasaplai yangu mwenyewe: mashine ya kuchukua umeme wa ukutani na kuugeuza uwe mnyoofu kama wa betri, volti kumi na tatu na kidogo, ampea thelathini bila kutetemeka. Dukani zipo zile nyepesi za kisasa, unaibeba kwa kidole. Siziamini. Zinapiga kelele ndani ya redio, kisha unaanza kutafuta kelele hiyo kwenye kifaa cha mteja. Mimi nilitaka ile ya zamani, yenye transfoma ya kukuvunja mgongo.

Kuisanifu mashine ya namna hiyo ni kazi iliyoumbwa kwa mtu wa tabia yangu, kwa sababu unatakiwa umshuku kila mmoja. Transfoma niliitoa kwenye stabilaiza iliyokufa, nikaifumua msuko wa nje na kuusuka upya kwa waya mnene, nikihesabu mizunguko kwa sauti ili mtu yeyote asinisemeshe. Daiodi nilizichagua za kubeba zaidi ya nilichohitaji, kwa kuwa kilichoandikwa mgongoni mwa kifaa ni maneno tu. Transista nilinunua tisa ilhali nilihitaji nane. Ile ya tisa niliikata kofia kwa msumeno wa chuma nione ndani. Nilikuta kipande kidogo kama punje ya ufuta, wakati ya kweli ina kipande kipana. Zote zilikuwa feki. Nikazirudisha, nikagombana na muuza duka, nikaagiza nyingine kwa mtu mwingine, na katika hizo nazo nikaikata moja. Safari hii zilikuwa za kweli.

Transista nane zikisimama bega kwa bega kubeba mzigo mmoja, hazigawani sawasawa. Anayepata joto mapema anavutia umeme mwingi kwake, anazidi kupata joto, anavutia mwingi zaidi, mpaka anaungua, kisha wenzake wanafuata. Dawa yake ni kumfunga kila mmoja rezista ndogo mguuni, ili anayekimbilia mzigo arudishwe nyuma. Mwishoni nikaweka mlinzi: kama volti zikipanda ghafla, anajirusha kati ya nyaya mbili na kuikata fyuzi kabla amplifaya ya mteja haijaungua. Nilimpenda mlinzi huyo kuliko kifaa kingine chochote.

Mabomba ya friji mbovu yalinipa njia za kupitisha mkondo. Waya wa kawaida ungepata moto, kwa hiyo niliyapasua mabomba ya shaba, nikayanyoosha kwa nyundo mpaka yakawa mikanda bapa, nikayasugua kwa msasa mpaka yakang'aa mekundu. Ilikuwa shaba nzuri sana. Niliitoboa matundu ya nati, nikafunga kila kitu mahali pake, nikaitazama mashine yangu ikiwa bado haina boksi, na furaha yangu haikudumu hata siku tatu. Fremu ya pili kutoka yangu ilivunjwa kufuli, zikang'olewa nyaya zote ukutani.

Shaba siku hizi ina wenyewe. Nilianza kumtazama kila anayepita mbele ya fremu. Muuza mitumba aliyesimama muda mrefu kidogo, nilimwandika kichwani. Msimu wa kupuliza mikorosho ulikuwa umeanza na mke wangu alikuwa anakwenda kwao Makote, huko juu Newala, kumsaidia mama yake shamba. Nikaona hapo ndipo pa kuificha mashine. Ghala la mama mkwe lina mlango wa mninga na kufuli moja, na ufunguo wake anaufunga kwenye pindo la kanga. Nani atakwenda kuiba kwa mama yule? Niliikodia gari, nikaipandisha mashine mlimani ikiwa imefungwa kwenye blanketi, nikaiweka ghalani kwa mikono yangu, juu ya magunia, mbali na panya.

Nikarudi Masasi nikiwa na amani. Wiki tatu hivi nililala vizuri.

Sasa lazima nimseme shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yeye ananunua vyuma chakavu. Ana mzani wa kuning'iniza na baiskeli, anazunguka vijiji vyote vya Makote akinunua sufuria zilizotoboka, springi, na shaba pia. Ni mtu wa utani mwingi. Hakuna siku alikuja kwangu asinicheke kwamba naongea na redio kuliko ninavyoongea na dada yake. Nilimpenda, lakini nilimpenda huku jicho langu moja liko wazi. Mwaka huo alikuwa na jambo kubwa lililomkalia moyoni. Chama cha msingi cha wakulima wa kule kilitaka mtunza ghala mpya wa korosho, na jina lake lilikuwa limependekezwa. Angeacha kuzunguka na baiskeli, goti lake likiwa limeshaanza kumsumbua. Kila mtu kijijini alijua anasubiri funguo hizo, na mama yake alikuwa anaomba dua kila alfajiri.

Nilipopanda tena Makote kuichukua mashine, nilimkuta mama mkwe uani. Kwetu sisi mkwe ni mkwe. Nilichuchumaa mbali, nikatazama chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, nkwe wangu. Hawajambo huko?"

"Hawajambo."

Hapo mazungumzo yetu huwa yamekwisha. Tangu nimuoe binti yake sijawahi kula naye sahani moja wala kumtazama usoni zaidi ya kupepesa, na ukiniuliza alivaa nini siku fulani sitajua. Ufunguo aliutoa, akampa mke wangu, mke wangu akanipa mimi.

Nilifunua blanketi. Mikanda yangu ya shaba ilikuwa myeusi. Ilikuwa myeusi kama masizi, tena yenye mabaka. Nilikwangua kwa kucha, chini kukaonekana wekundu kwa mbali. Nikaivuta mashine hadi nyumba ya jirani yenye umeme, nikaifunga taa za gari kama mzigo. Volti kumi na tatu ikawa kumi na moja. Nikapima kwa mita kiungo baada ya kiungo, na kwenye kila nati palikuwa pakipotea volti kidogo, nati zenyewe zikiwa zimepata moto wa kuunguza kidole.

Kila fundi anajua shaba nyeusi ni shaba ya namna gani. Mwizi akiiba waya hawezi kuuza na mpira wake; anaurundika, anauchoma moto, mpira unateketea, shaba inabaki nyeusi. Ukiona shaba nyeusi kwenye mzani wa mtu, ujue imepita motoni, na iliyopita motoni aghalabu ina historia. Kwa hiyo akili yangu haikuhitaji hata dakika. Mikanda yangu mizuri ilikuwa imeuzwa. Hii ilikuwa mingine, imegongwagongwa ifanane, imetobolewa matundu, ikarudishwa niliposema naja. Na ni nani mwenye nyundo, mwenye shaba ya kuchoma, na anayeingia ghala lile kila asubuhi kubeba mifuko ya salfa, dawa ya mikorosho, kuipeleka shambani?

Hayo matundu yalikaa sawasawa na nati zangu. Hilo lilipaswa kunishtua. Nilijijibu kwamba ana akili, ameyapima.

Sikumuuliza. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke, kwa maana watu husema niligombana na shemeji yangu, na si kweli. Jioni ile tulikula pamoja ugali na kisamvu, akanitania kuhusu mashine yangu nzito.

"Shemeji, hiyo nkiiweka kwenye mzani wangu, kijiji kizima kitakula sikukuu!"

Wote walicheka. Mimi nilimtazama mikono. Ilikuwa na weusi kwenye kucha, kama ilivyo siku zote, na nikaona ushahidi.

Kumuuliza mama mkwe kama kuna mtu aligusa vitu vyangu isingewezekana. Ingekuwa kumwambia mzazi kwamba kazaa mwizi. Kumwambia mke wangu nako, niliogopa atamwambia kaka yake. Basi nikakaa nalo peke yangu siku mbili, na siku ya tatu nikaenda kunywa kahawa kijiweni karibu na soko.

Pale walikuwepo wazee kadhaa, mmoja wao ni wa kamati ya chama cha msingi. Aliuliza habari za Masasi, akauliza habari za mashine, maana gari la kukodi halijifichi kijijini. Nikasema mashine imeharibika ikiwa ghalani. Imeharibikaje? Nikasema, "Kikulacho ki nguoni mwako, mzee wangu."

Hakuna aliyecheka. Yule mzee aliweka kikombe chini, akasogea.

"Fundi, ntu wetu yule tunataka kumkabidhi funguo hivi karibuni. Korosho za watu zote zitakuwa chini yake. Wewe umeoa pale, unamjua kwa ndani. Unasemaje?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza hata kusema ninachoshuku waziwazi, akaitwa, akajitetea. Mimi nilitazama kahawa yangu na kusema, "Mimi ni mkwe tu pale. Sisemi kitu."

"Tumekusikia," alijibu, akabadilisha mazungumzo, akauliza bei ya bati huko mjini.

Nilirudi nyumbani nikijiona mwenye busara. Sikumtaja mtu. Nilijiambia kama hana hatia, neno langu halitamdhuru.

Siku chache baadaye nilikuwa uani nikisugua mikanda kwa msasa, angalau niondoke na kitu kinachofanya kazi. Mke wangu alikaa karibu yangu na nusu ya limau na majivu kwenye kifuniko cha sufuria, anasugua kitu kidogo cha mviringo. Kilikuwa cheusi upande mmoja, chekundu upande mwingine.

"Hiyo nini?"

"Bangili ya mama. Ya shaba, ya maumivu ya mkono. Kila msimu wa salfa inageuka nyeusi hivi, namsafishia."

Nilimuuliza kama bangili ile iliwahi kuwekwa motoni.

Alicheka. "Motoni? Mama haivui hata akioga. Ni unga wa salfa tu. Anaumwaga kwenye mabomba ya kupulizia, unamrukia mikononi. Miaka yote ipo hivyo, hujawahi kuiona?"

Sikuwahi. Mwanamke ameivaa mbele yangu tangu siku ya posa, na mimi kwa adabu zangu sikuwahi kuinua macho kufika mkononi mwake.

Nilikwenda ghalani. Nilikaa chini nikatazama magunia niliyoilaza mashine yangu juu yake. Yalikuwa ya salfa, sita, mawili yamefunguliwa mdomo, na unga wa njano umetapakaa sakafuni na kwenye blanketi langu. Nilikuwa nimeyabeba mwenyewe kuyapanga vizuri. Harufu sikuisikia siku ile kwa sababu msimu ule Makote nzima inanuka hivyo. Ipo kwenye nguo, ipo kwenye mkate, baada ya siku moja pua inaacha kukuambia.

Hata hapo sikukubali. Nilikata kipande cha mkanda mmoja, nikakisugua kikang'aa, nikakigawa viwili. Kimoja nilikiweka juu ya gunia la salfa, kingine nikakifunga kwenye nailoni ndani ya begi langu. Wiki nzima nilikuwa nakwenda kuchungulia. Nitasema ukweli ingawa unanitia aibu: niliomba kile cha ghalani kibaki chekundu. Niliomba shemeji yangu awe mwizi. Siku ya pili kilikuwa cha kahawia, siku ya nne kilikuwa na mabaka, na wiki ilipokwisha kilikuwa cheusi kama ilivyokuwa mikanda ya mashine. Cha ndani ya begi kilikuwa vilevile nilivyokiacha.

Nilimkuta mzee wa kamati barazani kwake. Nilimwonyesha vipande vyote viwili, nikamweleza, nikachanganya maneno kwa haraka. Alivigeuza mkononi kwa utaratibu, akanirudishia.

"Funguo tulishatoa juzi," alisema. "Kapewa mwingine. Hatukumsema vibaya nduguyo, fundi. Tulisema tu kwamba hata mkwe wao amenyamaza."

"Mzee, rudini mkae tena."

"Tukae tuseme nini? Maji yakimwagika hayazoleki. Na yule tuliyempa tumnyang'anye kwa kosa lipi?"

Shemeji yangu alikuwa nyuma ya nyumba, anavunja springi ya kitanda kwa patasi. Goti lake alikuwa amelifunga kitambaa. Nilisimama mbele yake na kumwambia yote, kahawa, mzee, kikombe, nilichosema na nilichokataa kusema. Nilimpa kile kipande cheusi. Hakukipokea, alikitazama tu kikiwa mkononi mwangu.

"Hiyo ni ya salfa," alisema. "Ya moto inakuwa laini, ukiikunja inakunjika tu, nayo weusi wake unabanduka magamba. Ya salfa inashika. Shaba yote nnayonunua hapa msimu huu ipo hivyo."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nliiona mashine yako siku ya kwanza nlipoingia kuchukua mifuko. Nkasema huyu ni fundi, anajua anachofanya, nsije nkamfundisha kazi." Akapiga springi mara mbili. "Ungeniuliza, shemeji."

Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa ngumi. Aliendelea na springi yake.

Mashine niliitengeneza upya Masasi. Mikanda yote niliipaka risasi ya kulehemu mpaka ikawa ya rangi ya fedha, kila nati nikaipaka grisi, nikaijengea boksi lenye matundu. Inatoa ampea thelathini saa nzima na volti hazisogei. Mafundi wengine wa mjini huja kuitazama. Nawaeleza kila kitu, na wakiniuliza kwa nini nimepaka risasi mikanda yote wakati wenzangu hawafanyi hivyo, nawaambia ni kwa sababu ya salfa.

Shemeji bado ananunua vyuma kwa baiskeli. Tulikwishapatanishwa kwa utaratibu. Niliita watu, nikaomba radhi mbele ya mama yake nikiwa nimeinama, naye akasema yamekwisha, na naamini alisema kweli. Akishuka Masasi anafika fremuni kwangu, anakunywa chai, ananipa habari za nyumbani. Utani hana tena, lakini hanuni pia.

Ila anapotaka kuondoka, anasimama katikati ya fremu na kugeuza mifuko ya suruali nje, mmoja, kisha wa pili, kisha wa shati, vitambaa vikining'inia. Anafanya taratibu, kama mtu anayefunga vifungo. Mara ya kwanza nilimshika mkono nikamwambia, shemeji, usinifanyie hivi. Akasema ni mazoea tu, nisijali. Mke wangu amemwomba aache, akamjibu vilevile. Mimi sasa simwombi tena. Kinachoniumiza ni kwamba kila anapoigeuza ile mifuko, macho yangu yanakimbia kutazama kabla sijayazuia, na yeye anayaona.